Mkwe Injinia wa Mfereji

Jumamosi ile nilikwenda chooni mara nne kabla ya saa nne asubuhi, na tumboni sikuwa na kitu. Ilikuwa hofu tupu. Baba wa mchumba wangu alikuwa njiani anakuja kuuona mfereji wangu.

Nasema "wangu" kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyouita kwenye simu. Papa Karaha alikuwa ametoka Buffalo siku moja kabla, akalala Columbus kwa mjomba wangu Sylveri, kule mtaa wa Clintonville, na alfajiri akashika tena barabara kuja huku kwetu Louisville. Mzee wa miaka sitini na minane, mgongo unamsumbua, anakaa garini zaidi ya saa nane ili aje amshike mkono mkwe wake injinia. Na mimi si injinia. Mimi ni mwokota taka.

Niseme ilivyokuwa, na msinihurumie. Nimeajiriwa na kampuni ndogo ya usafi. Nakata majani, namwaga mapipa, naokota chupa na makaratasi kando ya mfereji unaopitisha meli pembeni ya maporomoko ya mto Ohio. Ni kazi halali, inalipa chumba changu cha Shively na chakula cha mama. Siku za kwanza za mapenzi yetu nilimwambia mchumba wangu Umutesi, "Nafanya kazi kwenye mfereji," na sikuwa nimedanganya.

Balaa lilianza siku ya posa, kwenye ukumbi mmoja kule Cheektowaga, pembeni ya Buffalo, mbele ya watu kama mia mbili. Kwetu sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini, siku hiyo mwoaji hafungui mdomo. Anakaa na suti yake, macho chini, na msemaji wa ukoo anamsemea. Msemaji naye kazi yake ni kusifu. Msemaji wa upande wao aliposimama na kuuliza kama kijana ana ng'ombe, mjomba Sylveri, msemaji wetu, aliinuka, akapiga fimbo sakafuni.

"Ng'ombe zake ni mabato, ni meli!" alisema. "Anafungua mulango, zinaingia. Anafunga mulango, zinakunywa maji. Huyu mutoto iko injinia wa mufereji ya Louisville. Serikali ya Amerika inamutegemea yeye!"

Vigelegele vilipasua ukumbi. Papa Karaha, mtu asiyesimama hovyo, alisimama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Desturi ilikuwa imenifunga mdomo, na nakiri kwamba moyoni niliishukuru desturi.

Hilo pengine ningesamehewa. Lakini kesho yake Umutesi alinipigia simu. "Mizero, kumbe weye ni injinia? Mbona hukuniambiaka?" Hapo hakuna desturi iliyonishika ulimi. Tulikuwa wawili tu, na yule niliyempenda kuliko watu wote duniani alikuwa ameniuliza swali lenye jibu la neno moja. Nilicheka cheko la mtu mkubwa, nikamwambia, "Bon, mimi sipendagi kujisifu."

Kila nikiyakumbuka maneno hayo masikio yananiwaka moto.

Gari lao la rangi ya fedha liliingia kwenye maegesho ya wageni saa nne na nusu. Nilikuwa nimevaa ile ile suti ya posa. Kizibao changu cha kazi, kile cha rangi ya machungwa, nilikuwa nimekificha chini ya kiti cha gari langu kama mtu aliyeiba. Papa Karaha alishuka kwanza, kofia kichwani, fimbo mkononi. Akafuata tantine Kabanyana, shangazi yake Umutesi, amevaa kitenge na viatu vya kisigino kirefu utadhani amekuja arusini. Mwisho, upande wa usukani, akashuka Umutesi.

Alikuwa na gauni la manjano, na nywele amezifunga nyuma. Miezi minne sikuwa nimemwona kwa macho. Nilisahau mpaka hofu yangu. Umutesi ana namna ya kunitazama kama mtu anayejizuia kucheka, na ni macho hayo yaliyonifanya niende Buffalo mara tatu kwa basi wakati sikuwa bado na gari. Siku ile hayakucheka. Yalinitazama kama ya mtu aliyepanga foleni anasubiri jibu dirishani.

"Habari, injinia," alisema, akanipa ncha za vidole.

"Mukwe!" Papa Karaha alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Iko wapi ile maji yako?"

Tulisogea mpaka kwenye uzio wa wageni. Bahati yangu, au mkosi wangu, palikuwa na msururu mrefu wa majahazi ya chuma umefungiwa ndani ya chumba cha maji, unasubiri kushushwa. Mzee alishika uzio kwa mikono miwili. Nilimwona anavyopumua, nikaona aibu, kwa maana mtu huyu hakuja kwa majivuno. Aliipenda kweli mifereji. Kule milimani alikuwa akichimba mitaro kupeleka maji kwenye malisho ya ng'ombe zake. Buffalo, baada ya kustaafu kiwanda cha nyama, alikuwa akienda kila siku kutembea pale ziwani ulipoishia mfereji wa zamani wa Erie, na Umutesi alikuwa akimsomea vibao.

"Ya kwetu ni maili mia tatu makumi sita na tatu," alisema, macho kwenye maji. "Toka Albany mpaka Buffalo. Miaka munane ya kuchimba, na sepeto, na sururu, na farasi! Kisha mabato inavutwa na farasi, anatembea kando pole pole. Ngano ya watu ikafika mujini, ile ilikuwa inaoza shambani. Na huku mulichimba maili ngapi?"

"Mbili tu, Papa."

"Mbili!" Tantine Kabanyana aliangua kicheko. "Hizo mimi natembeaka kila siku nikienda kutega basi."

"Lakini ilikuwa jiwe, tantine."

Nikaanza kueleza. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwani mambo hayo nayajua. Nikiokota chupa chini ya kibao nasoma kibao. Nikitoka kazini napita maktaba. Nikawaambia jinsi mto Ohio unavyoteremka kwenye miamba karibu mita nane, mahali hapa peke yake katika safari yake yote ndefu. Jinsi zamani meli zilivyokwama juu, mizigo ikashushwa, ikapakiwa kwenye mikokoteni, ikapelekwa Portland chini ya maporomoko, ikapakiwa tena. Jinsi walivyodhani watamaliza kwa miaka miwili, jiwe likawatoa jasho karibu miaka mitano, wengine wakafa kwa homa. Na jinsi meli za moshi zilivyoanza kupita mwaka 1830, watu wakashangilia, kisha haikuchukua miaka mingi meli zikawa pana kuliko milango, wakarudi kulekule kwenye mikokoteni mpaka mfereji ulipopanuliwa.

Papa Karaha alikuwa akinisikiliza huku akitikisa kichwa. Kadiri alivyozidi kuniheshimu ndivyo nilivyozidi kujichukia.

"Nani walichimba?" aliuliza.

"Wageni wengi, Papa, watu wa Irlande. Na batumwa, banakodishwa na mabwana zao."

"Unaona? Jana Sylveri ananiambia mufereji ya Columbus bafungwa njo balianza kuichimba."

"Ni kweli. Banatolewa gerezani, banarudishwa gerezani."

"Batumwa, bageni, bafungwa," alisema mzee taratibu. "Umutesi ananisomeaka kibao kule kwetu. Jina ya gavana iko. Jina ya bale bakubwa banapima njia iko, na hata bao hawakusoma uinjinia, walikuwa ni mahakimu, walijifunzia palepale kwenye kazi. Namuuliza, na mwenye kushika sepeto? Ananiambia, Papa, hajaandikwa."

Milango ilikuwa imefungwa, na maji yakaanza kushuka. Majahazi yale makubwa yalizama polepole bila kelele, ukuta wenye unyevu ukazidi kuonekana. Tantine Kabanyana aliacha kucheka, akashika kifua.

"Eleza vizuri, injinia," alisema Umutesi. Alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto, karibu kiasi cha mimi kusikia manukato yake. "Weye ukibonyeza, inakuwaka namna gani?"

"Maji inashuka yenyewe," nilijibu. "Hakuna pompi. Banafungua njia chini, inaelekea kwenye mto."

"Sijauliza maji. Nimekuuliza weye."

Nilimgeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ambayo hayakutaka kudondoka, na sikuelewa kwa nini. Nikafungua mdomo. Papa Karaha akaniwahi.

"Muache mwenzako, weye naye! Huoni anaona haya kujisifu?"

Yalikuwa karibu maneno yangu yaleyale ya kwenye simu. Umutesi alinitazama mara moja, akageuza uso kwenye maji. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na suti yangu na yote.

Chini, mlango wa upande wa pili ulianza kufunguka. Mzee akavua kofia, akampa tantine fimbo amshikie, akachukua mikono yangu yote miwili ndani ya yake.

"Tuombe," alisema.

Tukafumba macho, na Papa Karaha akaomba kama wanavyoomba watu wa kwetu, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani. Alimshukuru Mungu aliyewatoa milimani wakati nyumba zinaungua. Alimshukuru kwa miaka ya kambi ya wakimbizi. Alimtaja mkewe aliyezikwa kambini kwa jina, na sauti ikakatika, ikarudi. "Na leo, Baba," alisema, "umeniletea macho yangu mbele ya kitu sikukiomba. Nilikuwa muchunga ng'ombe, natafuta maji na jembe. Umenipa mukwe injinia, mikono hii yenye kufungulia bantu milango ya maji. Uibariki hii mikono. Katika jina la Yesu."

"Amina," alisema tantine Kabanyana.

"Amina," alisema Umutesi, kwa kuchelewa.

Mimi sikusema. Nilijaribu. Niliweza kunyamaza mbele ya watu mia mbili, niliweza kumchekea mchumba wangu kwenye simu, lakini neno lile dogo, wanalolitamka watoto wa shule ya Jumapili, lilinishinda. Nilihisi kwamba nikilitamka nitakuwa nimepiga sahihi mbinguni.

Papa Karaha hakufumbua macho. Aliminya vidole vyangu. "Mukwe, hujasema amina."

"Siwezi, Papa."

"Juu ya nini?"

"Maombi iko na uongo ndani. Si yenu. Ni yangu. Mimi siko injinia. Siku hata moja sijawahi kuugusa ule mulango. Naokota taka. Hapa hapa, kando ya huu uzio. Ile pipa munaona pale, ni mimi naimwagaka. Tonton Sylveri alizidisha, na mimi nikanyamaza."

Majahazi yalikuwa yakitoka, na mtu mmoja aliyevaa kofia ya kazi kule mbele alitupungia mkono, kama wanavyowapungia wageni.

Papa Karaha alifumbua macho. Hakuiachia mikono yangu. Aliigeuza, akavitazama viganja vyangu, sugu za mpini wa reki na mkwaruzo wa chupa ya wiki iliyopita.

"Buffalo nilikata nyama miaka kumi na moja," alisema. "Nilirudi nyumbani nanuka damu, watoto banaziba pua. Ungelikuja ukaniambia takataka, ningelikupa mutoto. Sasa umenipa uongo, nimeubeba mpaka mbele ya Mungu. Munaongeaka kila siku ku simu. Umutesi hakukuuliza?"

"Aliniuliza, Papa. Nikamudanganya."

Hapo ndipo alipoiachia mikono yangu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alivaa kofia yake, akachukua fimbo, akaelekea kwenye gari akitembea kwa shida kuliko alivyokuja.

Tantine Kabanyana yeye hakunibakizia. "Tulicheza mpaka viatu ikakatika!" alisema, kidole karibu na pua yangu. "Mimi na wadada zangu, tulikuchezea, tulikuimbia! Kanisa yote ya Buffalo inajua! Sasa nitapita wapi mimi? Utanionyesha njia ya kupita?" Akamgeukia Umutesi. "Twende, mama. Usibaki na huyu mutu."

"Nakuja, tantine. Dakika mbili."

Shangazi alisonya, akaondoka, visigino vyake vikizama kwenye majani niliyoyakata mwenyewe Alhamisi. Nikabaki na Umutesi. Nilijipanga kupokea lolote, hata kofi.

"Naomba musamaha," nilisema. "Si kwa ile ya ukumbini. Kwa ile ya ku simu."

"Najua ni ipi."

"Nilikuwa naogopa. Wewe unasoma, unafanya kazi na manesi, Kiingereza yako inakimbia. Nilisema, huyu siku moja ataniona vile niko, ataniacha. Donc nilipoona umefurahi—"

"Nilifurahi kweli," alinikatiza. "Njo shida yenyewe." Alifungua pochi, akatoa simu, akatafuta kitu, akanipa.

Ilikuwa picha. Nilikuwa mimi, nimevaa kizibao changu cha rangi ya machungwa, nimeinama, mfuko mweusi mkononi, karibu na pale pale tuliposimama. Sikuwa najua kama nimepigwa picha.

"Généreuse alinitumia," alisema. Généreuse ni rafiki yake, anaishi mtaa mmoja na mimi huko Shively. "Wiki tatu nyuma ya posa. Aliniandikia, huyu si bwana yako?"

Nilihesabu haraka kichwani. Wiki tatu baada ya posa. Tulikuwa tumeongea kila siku tangu hapo, miezi mitatu. Alikuwa ameniuliza nimekula nini, nimelala saa ngapi, mama anaendeleaje.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua. Hii safari ni mimi niliipanga, si Papa. Nilitaka kuona utasema lini. Njiani yote toka Columbus nilikuwa naomba useme."

"Kwa nini hukuniuliza, Umutesi? Neno moja tu."

Sasa machozi yakadondoka. Hakuyafuta.

"Juu nilikuwa napenda," alisema. "Kazini, kwa bale wazee naangaliaka, niliambia kila mutu, bwana yangu ni injinia. Nesi mukubwa, yule hanijibuaka salamu, akaanza kunisalimia. Kanisani bananiwekea kiti ya mbele. Ile siku Généreuse ananitumia foto, nilikuwa mulangoni mwa kanisa. Mama moja akaniita, 'Madame Injinia, karibu huku.' Foto iko mukononi, Mizero. Nakuangalia ule mufuko unaubeba. Na nikaitika."

Nilitaka kukasirika. Mtu mwingine angekasirika, angepata pa kushusha mzigo wake. Nilitafuta hasira ndani yangu nikakosa hata ya kuazima. Nilichokiona ni msichana niliyempenda, amejikunyata ndani ya gauni zuri, anaona haya kama ninavyoona mimi. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote, na sikujua kama bado nilikuwa na ruhusa.

"Sikiliza," nilisema kwa sauti ya chini. "Papa amenikasirikia mimi. Tantine pia. Inatosha. Hiyo foto uifute. Weye ubaki mutoto ya Papa wenu, hujui kitu, umedanganywa. Nitaibeba peke yangu."

Nilidhani ndiyo zawadi ya mwisho niliyoweza kumpa. Nilidhani ni mapenzi. Umutesi aliichukua simu yake mkononi mwangu, akanitazama, na aibu yangu yote ya siku ile haikufikia aibu niliyoiona kwenye macho yale.

"Unanifundisha tena kunyamaza?" aliuliza.

Hakusubiri jibu. Aligeuka, akakatiza maegesho kwa hatua za haraka mpaka kwenye gari lile la fedha, akagonga kioo cha upande wa baba yake.

"Papa, muteremuke kidogo. Hata mimi niko na kitu ya kusema."

Kioo kilishuka. Papa Karaha alimtazama binti yake, akanitazama na mimi niliyekuwa nakuja nyuma, kisha akaanza kuitafuta fimbo yake miguuni. Kwenye kiti cha nyuma, tantine Kabanyana alianza kulia kabla hajajua analia nini. Nilifika nikasimama kando ya Umutesi. Sikumshika mkono, sikuwa na haki hiyo. Alipoinamisha kichwa nami niliinamisha changu, na mzee akafungua mlango.